Babu wa Kitanda cha Sita

Kadi yenyewe ilikuwa ya rangi ya waridi, na ningeipata leo ningeitia motoni bila kuisoma mara ya pili. Ilikuwa na visanduku ishirini. Kila mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili alitakiwa kuwaosha kitandani wagonjwa ishirini wa kiume, mwili mzima, kuanzia usoni hadi nyayo, na kila akimaliza mmoja Sista Margret anatia sahihi kwenye kisanduku. Vikijaa vyote ndipo unaruhusiwa kufanya mtihani. Agosti ya mwaka 1954, Aluoch mwenzangu alikuwa amejaza vyote ishirini na kuongeza viwili kwa sifa tu. Mimi nilikuwa na vitatu.

Usinicheke kwanza. Vitatu hivyo nilivipata kwa jasho: mchuuzi wa samaki kutoka ziwani, Mkipsigis aliyepigwa teke na ng'ombe wake mwenyewe, na dereva wa lori Mhindi ambaye alikuwa amelala fofofo mpaka nikamaliza. Waliobaki wote walikuwa Wagusii wenzangu, na hapo ndipo shida ilipokuwa.

Kwetu kuna ensoni. Ni haya, ni heshima, vyote kwa pamoja. Binti hawezi kumwona baba yake bila nguo, wala kumgusa mwili, na akifanya hivyo ni balaa la kuchinjiwa mbuzi. Tena baba si yule aliyekuzaa peke yake. Ni ndugu zake, ni binamu zake, ni kila mwanamume wa rika lake, na wote unawaita tata, yaani baba. Sasa mimi Bochaberi nilikuwa binti ya Nyasani wa Marani, na hospitali ya misheni niliyosomea ilikuwa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka nyumbani. Hesabu mwenyewe nilikuwa na baba wangapi kwenye wodi ya vitanda kumi na viwili.

Nikifika na beseni, mgonjwa ananitazama. "Wewe ni wa nani?" Nikimjibu tu, blanketi linapanda hadi kidevuni. "Aa, mwanangu, rudi na maji yako." Kulikuwa na mmoja kutoka Magwagwa, nikajisemea huyu ni wa mbali, huyu nimempata. Kumbe alikuwa ameoa upande wetu! Aluoch walimwacha awaoshe kwa sababu hakuwa binti ya mtu yeyote waliyemjua. Hata Sista Margret walimwachia, Mzungu wa watu, kwani baba yake nani amewahi kumwona?

Nilivumilia mpaka alipoletwa Mzee Ombui.

Alianguka kutoka juu ya ghala lake akiezeka, akavunjika mfupa wa paja. Wakamlaza kitanda cha sita, mguu umening'inizwa juu kwa kamba na uzito umefungwa upande wa pili, hana pa kwenda. Na huyu hakuwa baba wa kutafutwa kwa kuhesabu vidole. Alikuwa rafiki wa baba yangu tangu wakichunga mbuzi wakiwa watoto. Walitahiriwa mwaka mmoja, walioa mwaka mmoja, na mashamba yao yalitenganishwa na kijito tu. Tangu nipate akili nilikuwa nikimsikia baba akipaza sauti asubuhi, "Ombui! Aliyemkimbia fisi ameamkaje?" na Ombui akimjibu kutoka ng'ambo, "Muulize aliyekimbia mbele yake!" Nani hasa alimkimbia fisi na kumwacha mbuzi, hakuna aliyejua. Walikuwa wamebishana miaka thelathini, na kila siku walicheka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Jumatano hiyo Sista Margret akanipa beseni, sabuni na taulo mbili, akasema, "Kitanda sita. Leo wewe, si mimi." Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata hivyo hivyo.

Nikaenda. Nikavuta pazia. Mzee Ombui akafumba macho kama mtoto anayejificha.

"Bochaberi," akasema, macho yamefumbwa, "nitamwambia nini baba yako?"

"Utamwambia umeoga, tata."

"Toka, mwanangu."

"Tata, una siku nne hujaoga. Unanuka."

"Nitanuka kwa heshima. Toka."

Wodi nzima ikacheka nyuma ya pazia. Mimi nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo. Nikalitua beseni chini kwa nguvu, maji yakaruka, na nusu yake yakaishia kwenye viatu vyeupe vya Sista Margret, aliyekuwa amekuja kutazama.

Hakunikaripia. Hilo ndilo lililonitia hofu. Alimwosha Mzee Ombui mwenyewe, taratibu, kisha akaniita ofisini na viatu vyake vikiwa bado vinadondosha maji.

"Bochaberi, wewe nesi mzuri," akasema. "Mikono mzuri. Kichwa mzuri. Lakini hapa kila mtu baba." Akatoa barua kwenye mtoto wa meza. Alikuwa amewaandikia wenye shule ya wauguzi ya serikali mjini Kisumu, nao walikuwa tayari kunipokea. Huko singejulikana na mtu. Ningejaza kadi kwa wiki mbili. Kulikuwa na sharti moja tu: walikuwa na utaratibu wao, kwa hiyo ningeanza mwaka wa kwanza. "Lori naenda Kisumu Jumatatu. Jumapili jioni niambie: ndiyo, hapana. Kama hapana, na kadi bado tatu, hakuna mtihani. Mimi nasikitika sana."

Alisikitika kweli, nilimwona machoni. Nikaikunja barua na kuitia mfukoni mwa aproni.

Nikueleze kwa nini kuanza upya kulinitisha. Siku niliyoondoka nyumbani, baba zangu wadogo walimketisha baba na kumwambia msichana wa miaka kumi na minane haendi kufua bandeji, anaolewa. Baba yangu si mtu wa maneno mengi nje ya mambo ya fisi. Alisimama akasema, "Miaka mitatu. Mkinisikia nikiomba wa nne, mwozeni siku hiyo hiyo, sitafungua mdomo." Wakakubali, na Mzee Ombui alikuwepo, ndiye aliyemwitikia wa kwanza. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na miezi. Nikienda Kisumu kuanza moja, baba angelazimika kwenda kuwaomba wadogo zake, naye alishakula kiapo mbele yao. Nikibaki, narudi nyumbani bila cheti, na anayenichumbia anajulikana, ana ng'ombe wazuri na meno mabovu.

"Njoo kwetu," Aluoch akaniambia jioni tukikunja bandeji. Yeye alizaliwa karibu na ziwa, na siku hizo zamu yake ilikuwa wodi ya wazazi, hakuwa tena wodi ya wanaume. "Utawaosha wajomba zangu wote. Watakuita Mgusii mkali, lakini wataoga."

"Na baba yangu je?"

"Baba yako anakupenda. Ataomba."

"Ndiyo sababu sitaki aombe, Aluoch! Hujui wadogo zake. Watamkumbusha mpaka kaburini."

"Basi baki ukaolewe na Meno." Akanitupia bandeji kichwani, tukacheka, kisha nikalia kidogo, kisha tukaendelea kukunja. Usiku huo nilikuwa nimeshaamua. Afadhali Kisumu. Visanduku vitatu havijawahi kumfanya mtu muuguzi.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea Mzee Ombui uji, naye kwa wema kabisa akaniuliza mbona nimekunja uso. Sijui nini kilinipata. Nikafoka.

"Nimekunja uso kwa sababu yako, tata! Wewe na wenzako wote humu mnaonivutia blanketi! Jumatatu napelekwa Kisumu kuanza upya mwaka wa kwanza, miaka mitatu mingine, na baba atakwenda kuwapigia magoti wadogo zake. Ulikuwepo. Ulisikia alivyosema. Haya, kunywa uji!"

Mama yangu angesikia nikimsemesha mzee wa rika la baba yangu hivyo, angejifunika kanga kichwani. Mzee Manasseh wa kitanda cha tatu, aliyekuwa mzee wa kanisa na mwamuzi wa kila kitu, aliguna kwa mshangao. Mzee Ombui alikunywa uji wake, akanirudishia kikombe, akatazama dari. Kutwa nzima nilimwona akihesabu vidole, anafika kidole cha saba, anatikisa kichwa, anaanza tena.

Ijumaa saa nne, nikipita na chati, akaniita kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.

"Bochaberi! Mama yake mama yako ni wa wapi?"

"Wa Nyaribari."

"Aliitwa Nyanchera?"

"Ndiyo."

"Basi!" Akapiga kofi kitandani, na kamba ya mguu ikayumba. "Mama yangu alinyonyeshwa pamoja na mama yake Nyanchera. Titi moja. Kwa hiyo mama yangu na mama yake ni ndugu, kwa hiyo mimi na Nyanchera ni ndugu, kwa hiyo mama yako ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo wewe ni mjukuu wangu. Mimi ni sokoro wako! Babu! Lete maji!"

Lazima uelewe alichokuwa amekifanya. Kwetu, ensoni ni ya baba na mtoto. Babu na mjukuu hawana ensoni hata chembe. Babu anamwita mjukuu wake wa kike mke wangu, mjukuu anamwambia babu umezeeka sikutaki, na wote wanacheka. Mjukuu anaweza kumwosha babu yake mchana kweupe na hakuna mbuzi anayechinjwa.

"Uongo," akasema Mzee Manasseh kutoka kitanda cha tatu.

"Uongo wa nani?"

"Wako. Nimekujua miaka ishirini, sijawahi kusikia habari ya titi hilo."

"Hukuniuliza."

"Ombui, wewe na Nyasani mnataniana njia nzima mpaka sokoni. Ungekuwa mjomba wa mkewe, angekuwa mkwe wako. Nani hutaniana na mkwe?"

Hapo Mzee Ombui alishikwa, na mimi pia, kwa sababu ilikuwa kweli. Mkwe kwetu haketiwi karibu. Huli naye chungu kimoja, humtazami machoni, humtanii kamwe. Unamwamkia kwa mbali kwa sauti ya chini na unashika njia yako.

"Kesho ni Sabato," Mzee Manasseh akasema. "Nyasani anakuja kukutazama. Aseme mwenyewe. Akikuita mkwe, nitanyamaza. Akikuita mkimbia fisi, binti huyu hakugusi, nami nitakuwa shahidi."

Wenzake wote wakakubali. Mambo ya ukoo wodini kwetu yaliamuliwa kama barazani, na pasipo kauli yao hata Mzee Ombui mwenyewe asingethubutu kuoshwa. Sista Margret alipita, akauliza kuna nini, akaambiwa ni habari ya titi, akaenda zake.

Sikulala vizuri. Baba yangu alikuwa hajui lolote, na sikuwa na mtu wa kumtuma Marani. Tena baba alikuwa mtu asiyesema uongo hata kwa mtoza kodi. Watu walimcheka kwa hilo.

Sabato alasiri wageni wakaanza kuingia. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, barua ya Kisumu mfukoni, mkono wangu juu yake. Nikamsikia baba kabla sijamwona. Tangu langoni alikuwa ameanza.

"Ombui! Aliyemkimbia fisi amelala kitanda gani? Safari hii umemkimbia nani mpaka ukavunjika mguu?"

Akatokea mlangoni, kofia kichwani, mkungu wa ndizi begani, meno yote nje. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti Mzee Manasseh alipoinua mkono.

"Nyasani, simama hapo. Tuna swali."

"Swali gani tena? Nimetembea tangu asubuhi."

Mzee Ombui akajiinua kwa viwiko. Alizungumza haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Nimewaambia watu hawa kwamba mimi ni mjomba wa mkeo, upande wa Nyaribari. Kwamba Bochaberi ni mjukuu wangu. Mjukuu anaweza kuniosha. Asiponiosha mimi na hawa wengine, Jumatatu anapelekwa Kisumu kuanza upya miaka mitatu. Sasa wanataka wewe useme kama mimi ni mkwe wako."

Kicheko kikamtoka baba usoni taratibu. Akanitazama mimi. Nikataka kumwambia, tata, usijali, nimeshaamua kwenda. Akautazama mkono wangu juu ya mfuko. Kisha akamtazama Ombui, muda mrefu, na Ombui akamtazama yeye, na mimi nikaona kwamba walikuwa wanatazamana hivyo kwa mara ya mwisho.

Baba akaurudisha nyuma mguu uliokuwa umevuka kizingiti. Akautua mkungu wa ndizi nje, ukutani. Akavua kofia. Akageuka ubavu, asiitazame wodi, macho chini, na kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake akasema:

"Mkwe, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mkwe," Mzee Ombui akajibu, naye amegeuza uso ukutani. "Za nyumbani?"

"Nyumbani ni wazima."

"Wasalimie."

Baba akainamisha kichwa, akavaa kofia, akaondoka. Alikuwa ametembea asubuhi nzima na hakuketi hata dakika moja. Nikamkimbilia hadi langoni.

"Tata! Ni kweli?"

"Ni kweli nini?"

"Habari ya titi la Nyaribari."

Akanyoosha kofia. "Mimi nimemwamkia mkwe wangu. Wewe nenda ukafanye kazi." Kisha akaondoka kwa hatua ndefu. Kamasi na machozi vilinichuruzika, nikajifuta kwa aproni, jambo ambalo Sista Margret alikuwa amelikataza.

Jumapili asubuhi nilichukua beseni, sabuni na taulo mbili, nikavuta pazia la kitanda cha sita. Maji nilikuwa nimeyapasha vizuri kabisa.

"Mke wangu," Mzee Ombui akaanza kelele kabla sijamgusa, "unataka kuniua? Maji ya baridi haya!"

"Nyamaza, mzee. Kama unataka maji ya moto ungeoa msichana mwingine."

Wodi ikaangua kicheko, na safari hii nilicheka nao. Nikamwosha uso, masikio, mikono, kifua, mgongo, kila kitu, kwa utaratibu tuliofundishwa, nikimfunika hapa nikimfunua pale. Nilipomwinua kidogo kumpangusa mgongo nilisikia akipumua kwa nguvu, nikadhani mguu unamuuma.

"Unaumwa, babu?"

"Siumwi," akasema. "Nilikuwa nafikiria tu. Baba yako alikuwa na maneno matamu."

Jioni nilimrudishia Sista Margret barua yake na kumwambia hapana. Akashangaa. "Kadi je? Bwana Ombui ni rafiki wa baba."

"Ni babu yangu, Sista."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Akanitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akatia sahihi kisanduku cha nne.

Baada ya hapo, we! Ukoo ulifumuka. Yule wa kitanda cha pili akakumbuka kwamba shangazi yake aliolewa kwa babu zangu. Wa kitanda cha tisa akagundua bibi yangu alikuwa binamu ya bibi yake. Walikuwa wanashindana kuwa babu zangu, na kila aliyeoshwa alilalamikia maji kwa sauti ili wenzake wajue haki yake. Wa mwisho kabisa, kisanduku cha ishirini, alikuwa Mzee Manasseh mwenyewe. Aliniita kwa kidole, akanong'ona, "Mama yangu wa kambo alitoka Nyaribari. Sijui kama inakusaidia."

"Inanisaidia, babu," nikamwambia, na nikamsugua vizuri.

Nilifaulu. Siku ya kuvishwa kofia ya uuguzi walikuja wote wawili, baba na Mzee Ombui na fimbo yake. Nilikuwa nimewawekea viti pamoja safu ya mbele, kwa kusahau. Baba akachukua chake, akakipeleka mwisho wa safu, akaacha viti sita katikati. Aluoch aliniuliza wamegombana nini.

Baada ya sherehe nilimvuta baba pembeni. "Tata, mtihani umekwisha. Kadi imejaa. Sasa rudini kama zamani, nani atajali?"

"Na siku atakapozeeka asiweze kujiosha," baba akasema, "utamwosha kama nani?"

Usidhani lakini walinyamaza. Nilipokwenda nyumbani likizo, asubuhi ya kwanza nilimsikia baba akimsemesha mbuzi wake kando ya kijito, kwa sauti ya kuamsha kilima kizima. "Wewe mbuzi, una bahati! Mwenzako zamani aliachiwa fisi, na aliyemwacha yuko hai, anakunywa uji!" Kisha kutoka ng'ambo sauti ya Mzee Ombui, akiusemesha mgomba: "Mgomba wangu, mwambie mbuzi huyo amuulize mwenyewe aliyekimbia mbele!" Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mkwe hataniwi. Mbuzi na mgomba havina ukoo na mtu.

Mzee Ombui niliwahi kumwosha tena, miaka mingi baadaye, baba akiwa ameshatangulia. Hakuwa akimtambua mtu yeyote, hata wanawe. Nilimpashia maji, nikamfunua begani, nikaanza.

"Mke wangu," akasema, "maji haya ni ya baridi."